HAKI YA MGENI KATIKA NYUMBA ZA MJI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao.

Amma baad. Ndugu msomaji, suala tunalolieleza leo lililetwa katika darasa letu na kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, nasi tukaona halifai kujibiwa kwa neno moja kisha watu wakaondoka. Alisema hivi:

Suala: Mtu akihamia mji wa Waislamu, akaishi humo miaka mingi kwa amani, je, ana haki gani katika msikiti wao, chuo chao, baraza zao na vyama vyao? Au yatosha kwamba hapana aliyemzuia kuingia?

Kabla hatujajibu, yafaa msomaji ajue kilichomfanya kijana yule aulize. Katika mji mmoja wa pwani hii ya kusini, ambao hatutautaja, alikuwako mvuvi aliyekuja na wenziwe kupiga dago. Pepo zilipogeuka wenziwe wakarejea kwao, yeye akabaki. Akapanga chumba, akawa akenda baharini na dau la watu, na kila alipokuwa pwani hakukosa sala ya Alfajiri, katika safu ya nyuma, karibu na mlango. Akakaa hivyo miaka kumi na miwili. Siku moja akakutwa amekufa chumbani mwake. Watu wa mji wakafanya yote yaliyo wajibu: wakamwosha, wakamkafini, wakamsalia, na jeneza lake likafuatwa na watu wengi. Lakini ilipotakikana kupeleka khabari kwa jamaa zake, hapana aliyejua jamaa zake ni nani. Imamu alijua tu kuwa akiitwa Mpemba. Mwenye dau alijua hivyo hivyo. Mwenye nyumba alikuwa na jina lake moja katika daftari ya kodi. Miaka kumi na miwili watu walimpa salamu naye akaitikia, na jina la baba yake hawakupata kuliuliza.

Kijana yule alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Ndiyo sababu akauliza.

Jawabu: Kutozuiliwa hakutoshi. Mgeni ana haki ya kujulikana, na haki hiyo ndiyo mlango wa haki zake nyingine zote. Mji usiomjua anayeishi ndani yake haujampokea, hata kama milango yake i wazi usiku na mchana. Maelezo yake ni haya yafuatayo.

MJI NI NINI

Watu wa leo wakisikia neno "mji" hufikiri Mombasa au Nairobi, kwenye magari na majumba ya ghorofa. Wazee wetu hawakuupima mji kwa hayo. Itazame Wasini, kisiwa chembamba kilicho mkabala na Shimoni. Hakina barabara ya magari. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe yasiyotoa maji matamu, hata wenyeji kwa zama nyingi wakawa wakinywa maji ya mvua waliyoyakusanya katika mabirika, au maji yaliyovushwa kwa mashua kutoka bara. Hata hivyo Wasini ni mji, tena wa kale, na magofu ya nyumba zake za mawe yashuhudia hayo. Ni mji kwa sababu una msikiti watu wanaposali pamoja, una chuo watoto wanaposoma, una baraza watu wanapotaka shauri, na una gati watu wanapoingia na kutoka. Nyumba mia zilizojengwa pahali pamoja bila ya vitu hivi vinne ni malazi tu.

Na ni nani aliyeukalia mji huu? Wavumba, ambao asili ya dola yao ilikuwa Vumba Kuu, huko bara, karibu na Vanga na mpaka wa Tanzania wa leo. Watawala wao waliitwa Madiwani, na masharifu wa asili ya Hadhramaut walioa kwao hata kizazi chao kikaushika udiwani. Khabari zao ziliandikwa na A. C. Hollis, afisa wa Kiingereza, akazichapisha mwaka 1900. Wavumba wakahama Vumba Kuu, wakakaa Wasini na Vanga. Basi mwenyeji wa Wasini anayemwita mwenziwe "mtu wa kuja" ni mjukuu wa watu waliovuka maji na mizigo yao kichwani.

Na Mombasa ni vivyo hivyo. Wenyeji wake wa kale hujiita Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, na miongoni mwa Tisa Taifa wamo Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza na Washaka. Majina hayo ni ya miji walikotoka. Hapana aliyeona haya kuitwa kwa mji wa babu yake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na pahali pake katika shauri la mji. Hiyo ndiyo tofauti kubwa: jina la asili lilikuwa kiti cha kukalia barazani, wala halikuwa ukuta wa kumweka mtu nje.

MADINA ILIVYOPOKEA WATU

Mtume s.a.w. alipohamia Madina mwaka 622, alikuwa yeye mwenyewe mgeni pamoja na masahaba zake waliotoka Makka mikono mitupu. Yatazame aliyoyatanguliza, kwani mpango wake ndio mafunzo.

Jambo la kwanza lilikuwa msikiti. Kiwanja kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wakataka kukitoa bure, Mtume akakataa ila akinunue kwa thamani yake. Nyumba ya watu wote haikusimamishwa juu ya haki ya mnyonge. Kisha, nyuma ya msikiti ule, pakafanywa kipaa cha kivuli kilichoitwa Suffa, wakakaa hapo wageni mafakiri wasio na jamaa wala nyumba. Mmoja wao ni Abu Huraira r.a., ambaye leo hapana Muislamu asiyelijua jina lake. Lau watu wa Madina wangalimwacha mlangoni, fikiri ni hadithi ngapi zingalipotea pamoja naye.

Jambo la pili lilikuwa undugu. Mtume hakusema tu kwa jumla "wapokeeni wageni". Alimshika mtu kwa jina lake akamfanya ndugu wa mtu kwa jina lake. Abdurrahman bin Auf alipewa Saad bin Rabii, na Salman Mfarsi akapewa Abu Dardaa. Kila mgeni akawa na mtu mmoja aliye juu yake, atakayeulizwa: ndugu yako yu wapi leo? Saad akamtolea Abdurrahman nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, asiichukue, akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Akafanya biashara ya samli na jibini mpaka akajitegemea. Hapa pana adabu mbili: mwenyeji hutoa bila ya kuhesabu, na mgeni hujizuia asiwe mzigo.

Jambo la tatu lilikuwa maji. Madina palikuwa na kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa. Uthman bin Affan r.a. akakinunua, akakifanya wakfu, akanywa tajiri na fakiri, mwenyeji na mpita njia, naye mwenyewe akiteka humo kama wengine. Watu wa kisiwa kisicho na chemchemi hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili.

Sasa na tuziangalie nyumba za mji wetu moja moja.

MSIKITI

Alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Siku moja Mtume hakumwona, akauliza khabari zake. Akaambiwa amekufa, na watu wamemzika bila ya kumjulisha, kama kwamba waliliona jambo lake dogo. Mtume akawalaumu, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia.

Ewe ndugu, lipime jambo hili. Mkuu wa umma, mwenye vita na mikataba na wajumbe wa makabila mlangoni pake, aliona pengo la mfagiaji mmoja. Na sisi, ambao safu zetu hazifiki kumi Alfajiri, tunaweza kukaa siku tatu tusimwone mtu wa safu ya nyuma tusiulize. Wale waliomzika mfagiaji walitimiza faradhi ya maiti, hata hivyo walilaumiwa. Basi asijidanganye mtu kwamba jeneza kubwa hulipa deni la miaka kumi na miwili. Tumekuwa hodari wa kumpokea maiti kuliko kumpokea aliye hai. Mtu akifa, sanda hupatikana kwa saa moja, na wapishi na sufuria hupatikana. Akiwa hai na homa chumbani, hapana hata wa kumpelekea uji.

Wala mlango wa msikiti si wa wanaume waliozaliwa mtaani peke yao. Wanawake walisali nyuma ya Mtume na wakamwuliza mambo ya dini yao. Mwanamke msafiri anayeshuka mashua Adhuhuri na mtoto mgongoni hutafuta pahali pa kutawadha na kusali, na katika misikiti yetu mingi hapati. Huo ni upungufu wa msikiti, wala yeye hana kosa. Hata asiyekuwa Muislamu, haki yake ipo. Ujumbe wa Thaqif ulipofika Madina, nao bado hawajasilimu, Mtume aliwapigia hema katika msikiti wake, wakawa wakisikia Qurani na kuwaona watu wakisali. Huko kuona kulikuwa sehemu ya kuongoka kwao.

CHUO

Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Alimjia Mtume kutaka mafunzo wakati Mtume yumo katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Uso wa Mtume ukakunjika, na Sura ya Abasa ikateremka kumzindua. Kipofu hakuliona hilo kunjo la uso, lakini Mwenyezi Mungu hakuliachilia. Baadaye Abdallah akawa mwadhini, na mara kadhaa Mtume aliposafiri alimwachia yeye usimamizi wa Madina.

Katika pwani yetu hii, mfano wa jambo hili ni Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu, akasimamisha Riyadha yake. Ziko khitilafu za wanavyuoni juu ya baadhi ya ada za huko, na hapa si mahali pa kuzieleza. Lakini hapana awezaye kumnyima sifa hii: alikuwa mgeni, na alipopata pahali pa kusomesha, aliwakaribisha wale ambao wakubwa wa mji hawakuwaketisha mbele, wakiwamo watu wa nasaba za utumwa. Kutoka katika safu hizo wakatoka walimu.

Basi mwalimu wa chuo ajiulize: mtoto wa mvuvi aliyekuja mwaka jana, asiye na ada kamili wala cheti cha kuzaliwa, naye ana lahaja inayochekwa na wenziwe, je, ameketi wapi? Kama ameketi nyuma, na akisoma watoto humwiga wakacheka na mwalimu akanyamaza, basi kunyamaza huko ni kukunja uso.

BARAZA

Baraza ni sifa ya miji ya Waswahili. Ni benchi la mawe nje ya nyumba, wala halina kadi ya mwaliko. Mtu akipita huambiwa "karibu", akaketi, na hapo ndipo khabari za mji hupitia: nani mgonjwa, nani anatafuta kazi, mashua ya nani imeharibika, mtoto wa nani amefaulu. Mgeni asiyeketi barazani hukosa yote hayo hata kama ana pesa mfukoni.

Nini kinachomzuia kuketi? Aghlabu ni ulimi. Sura ya Hujurat yatukataza kuitana kwa lakabu mbaya, na yatufundisha kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Linganisha hilo na desturi yetu. Mtu mwenye jina zuri alilopewa na wazazi wake siku ya saba, sisi twamwita kwa kabila lake au kisiwa chake: "Ewe Mpemba!" "Yule Mmakonde." Twasema kwa mzaha, na huenda naye acheka. Lakini jina hilo likikaa miaka kumi, hulifunika jina lake mpaka likapotea, kama lilivyopotea jina la yule maiti wetu. Kabila lililowekwa tujuane, tumelifanya kisingizio cha kutojuana.

GATI NA VYAMA

Gati ni baraza la bahari. Wasini hupokea wageni wengi wajao kuangalia pomboo na matumbawe ya Kisite-Mpunguti. Wanawake wa Wasini walipata akili njema: waliungana wakafanya chama, wakajenga daraja la mbao juu ya mikoko na bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya mji, mgeni akapita akiangalia na kulipa kiingilio, na mapato yakasaidia mambo ya mji, masomo ya watoto yakiwa mojawapo. Huko Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, wako wanawake wanaolima mwani. Nao wavuvi wa pwani yote wana vikundi vya kusimamia fuo, vile kila mtu avijuavyo kwa jina la BMU, vilivyowekewa kanuni za serikali mwaka 2007. Haya ni mambo ya kheri, na mtu asiseme kwamba vyama ni uzushi. Kushirikiana katika wema na ucha Mungu ni amri, na chama ni chombo cha kuitekeleza.

Lakini sikiliza jambo la kutia haya. Mgeni wa saa tatu, aliyelipa, twamwuliza jina lake na nchi yake, twamwuliza kama anakula pilipili, twamshika mkono ashukapo mashuani asiteleze. Mgeni wa miaka kumi na miwili, asiyelipa, hatukumwuliza lolote. Ikiwa ukarimu wetu huamka kwa kiingilio na hulala bila ya kiingilio, huo ni biashara. Biashara ni halali, lakini tusiipe jina la ukarimu.

Na vyama navyo vina mtihani wake. Katika zama za Mtume walikuwako watu waliojenga msikiti, kwa udhahiri wa ibada, na makusudio yao kuwagawanya waumini. Mtume akakatazwa kusimama ndani yake, na ukavunjwa. Jengo lilikuwa na kibla kama mengine, lakini nia yake ilikuwa kutenga. Basi chama chochote, kiwe cha maziko, cha wavuvi, cha akina mama au cha vijana, kikiwa kimeundwa ili jamaa wa ukoo mmoja waishike mali ya mji mzima, au daftari yake ya fedha haionekani ila na watu wawili, kina dalili ya ugonjwa ule. Tangu mwaka 2022 Kenya ina sheria khasa ya kuandikisha vikundi vya jamii. Kuandikishwa ni jambo jema, lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakimpi mgeni kiti. Kiti hutolewa na watu.

KARATASI ZA SERIKALI

Labda atasema msomaji: "Haya ni mambo ya adabu tu, hayana madhara makubwa." Sivyo. Yatazame yaliyowapata majirani zetu wa Kwale.

Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji katika zama za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakajukuu, wakazika wazee wao katika ardhi ya Msambweni, na uhuru ukapatikana mwaka 1963 wao wakiwa hawana uraia. Wapemba nao walikuja kwa uvuvi tangu zamani, na wengine wakakimbilia huku baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mtu asiye na kitambulisho hawezi kufungua hesabu ya benki wala kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, hapati kazi ya serikali, hapigi kura, na mvuvi huogopa doria baharini kuliko dhoruba. Mtoto wake hukwama mlangoni mwa shule kubwa.

Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde wakafunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakakubaliwa kuwa raia. Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023. Njia ilikuwamo katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, iliyowafungulia mlango watu wasio na uraia waliokaa nchini tangu uhuru.

Sasa angalia. Mtu akienda ofisini kudai uraia huulizwa: nani akujuaye? Umekaa wapi, na ni nani jirani yako? Mzee gani atakushuhudia? Hapo ndipo baraza na msikiti huwa na thamani kuliko dhahabu. Mgeni aliyejulikana na mji hupata mashahidi kumi kwa siku moja. Aliyeitwa "Mpemba" tu, bila ya jina la baba wala la babu, hupata watu wanaokuna vichwa. Kuuliza jina la mtu ni jambo dogo midomoni, lakini huenda likawa ndilo litakalompatia mjukuu wake shule. Na jirani ana haki hii hata asipokuwa wa dini yetu, kwani haki ya ujirani haikufungwa na sala.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Akisema msemaji: "Wageni huleta maovu. Mji ukimkaribisha kila mtu utaharibika." Tutamjibu: asiyejulikana ndiye wa kukhofiwa. Mwizi na muuza madawa hupenda mji ambao watu wake hawaulizani, maana huingia bila ya jina na hutoka bila ya jina. Aliyeulizwa jina lake na baba yake, akapewa ndugu wa kumtazama, ana haya ya kufanya uovu mbele ya wanaomjua. Kujuana ndiyo doria ya mji.

Akisema mwingine: "Sisi wenyewe ni masikini, samaki wamepungua, na maji ni ya taabu. Tutampa nini?" Tutamjibu: Ansari walisifiwa katika Sura ya Hashr kwa kuwatanguliza wageni ilhali wao wenyewe wana dhiki. Wala hatukuambii utoe nusu ya mali yako kama Saad bin Rabii. Jina haliliwi, salamu hainywewi, na nafasi barazani haipungui kwa kukaliwa. Na penye haja ya mali, kumbuka kwamba mpita njia aliyekatikiwa ni mmoja wa wanaostahiki zaka kwa maandiko ya Qurani, basi kumpa ni kumlipa haki yake.

Akisema wa tatu: "Mgeni mwenyewe hujitenga. Huswali akaondoka." Tutamjibu: mgeni ana wajibu wake. Aonyeshe uso wake, aheshimu ada za mji zisizopinga sheria, afanye kazi, asikae kungojea kupewa. Abdurrahman bin Auf ni kiongozi wake. Lakini anayeingia nyumba ya watu hungoja neno la mwenye nyumba. Mwanzo ni wa mwenyeji.

LA KUTENDA

Elimu isiyotendwa ni hoja juu ya mwenyewe. Basi darasa letu limeona yafaa tushikane kwa mambo matano, wala hapana hata moja linalohitaji mfadhili kutoka mbali.

La kwanza: kila msikiti uwe na daftari. Mtu akihamia mji, imamu au aliyewekwa kwa kazi hiyo amwulize kwa upole jina lake, la baba yake na la babu yake, alikotoka, na nani wa kujulishwa akipatwa na jambo. Daftari hiyo ni amana, isifanywe ya upelelezi wala ya masengenyo.

La pili: mgeni apewe ndugu mmoja kwa jina, kama ilivyofanywa Madina. Huyo ndiye atakayeulizwa mwenziwe asipoonekana siku mbili.

La tatu: watu waitwe kwa majina yao. Wazee wa baraza ndio waanze, kwani vijana huwafuata.

La nne: pawe na pahali pa mwanamke msafiri kutawadha na kusali karibu na gati, na mtungi wa maji kwa anayeshuka mashuani. Mwenye kutaka sadaka ya kuendelea kwa ajili ya mzazi wake aliyekufa, na atengeneze birika lililopasuka, ni bora kwake kuliko sufuria za siku moja.

La tano: kila chama kisome hesabu zake mbele ya watu mara moja kwa mwaka, na katika kamati yake awemo mmoja asiyekuwa mzaliwa wa mji.

Ndugu msomaji, tumemaliza kujibu, lakini yule kijana alituongezea neno ambalo hatukuwa na jawabu lake. Alisema: "Nilipokuwa nimelibeba jeneza, niliona watu wengi ambao hawakuwahi kusema naye. Nami ni mmoja wao. Sikujua kaburini nimwite nani." Darasa zima likanyamaza. Kisha mzee mmoja akainuka, akamwendea mtu aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mtu tuliyemwona miezi mingi akisali nasi na hatumjui. Akampa mkono, akamwambia: "Mwanangu, mimi nimekaa hapa miaka sabini. Nawe u mwana wa nani?" Yule mtu akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Tukayaandika. Ndilo jina la kwanza katika daftari yetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu yule tuliyemzika bila ya kumjua, kwani Yeye amjua kwa jina lake na nasaba yake. Atusamehe sisi tulio hai, na azifanye nyumba za mji wetu kuwa nyumba za kujuana. Wabillahi tawfik.